Dawa Ambayo Mama Anaisubiri

Endagikot, Mbulu
14 Aprili 2024

Mpwa wangu Evaline,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia kwa sababu nakufahamu: ukiona mwandiko wangu utakimbilia mistari ya mwisho kuangalia kama kuna msiba, ndipo urudi juu kusalimia. Hakuna msiba. Rudi juu, salimia kwa utulivu.

Sisi hatujambo. Mvua imenyesha mpaka tunaomba ipungue, na Mungu lazima anatushangaa, maana ni sisi hawa hawa tuliomsumbua Januari ainyeshe. Maharage yamependeza. Mke wangu Philomena anakusalimu, anauliza kama huko Ujerumani umeshapata mtu wa kukupikia au bado unakula mkate asubuhi na jioni kama mgonjwa.

Unajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu ipo, masikio ndiyo hayapo. La kulia limestaafu, la kushoto linafanya kazi nusu siku. Nikikupigia ni lazima niweke spika, na nikiweka spika mama yako anasikia, Philomena anasikia, na ng'ombe wa jirani nao wanapata habari. Kwa hiyo nitaandika kwa mkono, na siku ya kwenda mjini nitampa Hermani wa steshenari aipige picha akutumie kwa barua pepe. Ya kwako ikija ataichapa na kuniwekea kwenye bahasha. Anasema hasomi barua za watu. Nimemwambia namwamini, naye ameona aibu kidogo.

Sasa habari yenyewe. Mama yako kichwa bado kinamsumbua. Tangu tope la Mlima Hanang lilipochukua nyumba yake kule Jorodom mwezi wa kumi na mbili, tukamleta hapa kwangu, kila anayekuja kumpa pole anasema ni mawazo. Hata mimi nilisema ni mawazo. Lakini ni mawazo gani yanayomtapisha mtu asubuhi kabla hajanywa hata chai? Jumapili iliyopita kanisani tulisimama kwa Injili, yeye akaanguka. Mwili ukatikisika kama umeshikwa na mtu. Alipozinduka akatuona sisi wanakwaya tumemzunguka, akauliza kwa nini tumeacha kuimba. "Endeleeni," akasema, "mnapoteza muda wa watu."

Amenikataza nisikuambie. Kwa hiyo sijakuambia. Mimi nakuuliza swali la elimu tu, kama mkulima anavyomuuliza bwana shamba: hiyo kazi yako ya maabara inahusu nini hasa? Uliwahi kunieleza Krismasi ile uliyokuja, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa. Biolojia ya kidato cha nne nilipata F, na mwalimu alisema hata hiyo F kanionea huruma. Nieleze kwa maneno ya shambani.

Mjomba wako,
Baltazar Margwe


Ujerumani
3 Mei 2024

Mjomba, shikamoo.

Ni kweli nilikimbilia chini kwanza. Shikamoo tena, hiyo ya pili ni ya adhabu.

Mimi ni mzima. Baridi imeanza kuondoka, watu wamekaa nje kwenye majani kana kwamba wamefunguliwa gerezani. Nina jirani mpya anaitwa Wolfgang. Nilimwambia kwetu Mbulu Wolfgang ni mtu mwenye trekta na madeni ya dizeli, hakuniamini. Msalimie mama Philomena, mwambie mkate wa huku si mbaya, tatizo ni kwamba hauishi.

Mjomba, mambo uliyoyaandika kuhusu mama si mawazo. Mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na kifafa akianguka hivyo, na anatapika asubuhi, apigwe picha ya kichwa kwa mashine. Isiwe mwezi ujao, iwe wiki hii. Mbulu mashine hiyo haipo, nendeni Arusha. Nimetuma nauli kwenye simu ya mama Philomena kwa sababu wewe ungesema tusubiri kuvuna.

Umeuliza kazi yangu. Mimi nafanya kazi juu ya uvimbe mbaya wa ubongo. Uvimbe ule una seli nyingi sana, lakini hazilingani. Fikiria sangari, yale magugu ya shambani. Unaona majani yamefunika shamba, unadhani majani ndiyo sangari. Unafyeka, shamba linakuwa safi, mvua moja tu yamerudi. Kwa sababu sangari yenyewe ni ile mizizi mirefu myeupe iliyolala chini. Kwenye uvimbe pia kuna seli chache zenye tabia kama ya seli shina, yaani zile seli mama zinazoweza kuzaa aina nyingine zote. Hizo zinajua kulala. Mionzi inapita, dawa inapita, nyingi zinakufa, hizo chache zimelala tu. Baadaye zinaamka na kuujenga uvimbe wote upya.

Sisi tunazitafuta hizo. Wengine wanatafuta namna ya kuziua. Kundi letu linajaribu kuzilazimisha zikomae, ziwe seli za kawaida ambazo zitazeeka na kufa bila kuzaa uvimbe mwingine. Mwezi uliopita tumejaribu dawa moja na imefanya vizuri kuliko tulivyotegemea. Bosi wangu, mama mmoja asiyecheka, alicheka.

Lakini mjomba, hayo ni masomo. Mpeleke mama Arusha.

Evaline


Endagikot
9 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba mara mbili, ya adhabu nimeipokea.

Hapa tunaendelea. Mvua imekata, baridi ya Juni imeingia, asubuhi natoka nje nimejifunga mashuka mawili na Philomena anasema nafanana na furushi lililokosa mwenyewe. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa ndama dume.

Tulikwenda Arusha. Picha ilionyesha uvimbe upande wa kushoto wa ubongo, ndani, mkubwa kama yai la kuku. Wakatupeleka hospitali ya rufaa kwa daktari wa upasuaji wa kichwa. Kijana mdogo, mpole, anaongea taratibu, akarudia kila kitu mara mbili kwa ajili ya masikio yangu. Alisema anaudhani ni wa aina ile mbaya, lakini hawezi kuwa na uhakika mpaka atoe kipande kipimwe. Alisema ukatwe mapema. Ametupa nafasi mwisho wa mwezi wa saba. Tusipofika atapewa mwingine, maana wanaosubiri ni wengi.

Mama yako alimsikiliza vizuri, akamshukuru, akamuuliza kwao ni wapi. Njia nzima ya kurudi alitazama nje ya dirisha la basi. Na mimi, Eva, kwa kutaka kumtia moyo, tulipofika nyumbani nilitoa barua yako nikamsomea. Najua. Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Nilifikiri akisikia mwanawe anapambana na ugonjwa huu huu atapata nguvu ya kwenda kwa daktari. Nguvu alipata, lakini ilimpeleka upande mwingine.

"Soma tena hapo pa sangari," akasema.

Nikasoma tena, kwa sauti ya kwaya kabisa.

"Shamba lako la chini," akasema, "mwaka juzi ulilifanya nini?"

Nikaanza kuona tunakokwenda. "Nilimwita Wolfgang akapiga haro kwa trekta lake."

"Wakati gani?"

"Mvua zilipoanza."

"Kwa nini hukuling'oa kwa mkono kiangazi, kama baba alivyokufundisha?"

"Mgongo, dada."

"Mgongo. Haya, ikawaje?"

"Ikaota zaidi."

"Ikaota zaidi! Ile haro ilikata mzizi mmoja vipande ishirini, na kila kipande kikawa sangari yake. Mpaka leo lile shamba ni zulia. Sasa yule kijana anataka kunipiga haro kichwani."

Philomena alicheka, halafu akaona mama yako hacheki, akanyamaza.

"Mwanangu ana dawa ya mizizi," mama yako akasema. "Ameandika mwenyewe, imefanya vizuri, mpaka bosi amecheka. Sitakubali mtu anikate atawanye kitu kichwani mwangu wakati dawa ya mizizi inakuja. Nitaisubiri."

Nikamwambia kwamba daktari ni msomi. Akaniambia mimi si mtu wa kumshauri mtu yeyote habari za sangari, ushahidi uko shambani. Nimekuwa mkulima miaka yote hii, siku moja ya uvivu wangu ndiyo inatolewa ushahidi dhidi ya maisha ya dada yangu.

Na jambo la kushangaza, ametulia. Anakula. Anawaambia wageni, "Eva wangu analeta dawa." Juzi Mama Hirbadaw, yule mfugaji aliyekuwa akimletea maziwa mgando kule Jorodom, alikuja kumwona, akaambiwa hivyo hivyo, akaondoka anakuombea kwa Kidatooga. Lakini usiku namsikia anaugulia.

Sasa niambie. Dawa hiyo inafika lini? Kama ni karibu, nitakwenda kumwangukia daktari atungoje. Kama si karibu, niambie pia.

Baltazar


Endagikot
27 Juni 2024

Eva,

Hatujambo. Nimekwenda kwa Hermani siku zote za mnada na nyingine zisizo za mnada. Mara ya kwanza alisema hakuna kitu. Mara ya pili akasema hakuna kitu, akaniwekea kiti. Leo amenipa soda.

Mama yako ulipompigia simu alikuambia kichwa kimepoa. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake. Alishika simu kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine.

Sijakuuliza jambo gumu. Nimeuliza lini.

Mjomba


Ujerumani
29 Juni 2024

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe. Nimeandika barua hii mara nyingi na kuifuta. Mama Philomena hajambo? Ndama anaendeleaje? Naona hata kusalimia kunanishinda, basi niseme.

Hakuna dawa.

Niliyokuandikia ni ya kweli, lakini niliacha neno moja nje. Dawa ile imefanya vizuri kwenye vyombo vya kioo, na kwenye panya. Panya, mjomba. Kutoka kwa panya mpaka kwa mtu ni miaka, na dawa nyingi hazifiki. Zinaua kitu kingine njiani, au haziingii kwenye ubongo wa mtu, au uvimbe wa mtu una ujanja ambao uvimbe wa panya hauna. Yapo majaribio machache ya namna hii kwa wagonjwa katika nchi nyingine. Nimewaandikia wote ninaowajua. Hakuna linaloweza kumchukua mama, na yote yanataka mgonjwa awe ameshakatwa kwanza.

Sikuliandika neno "panya" kwa sababu nilitaka wewe unione mkubwa. Ndiyo hivyo.

Nimeweka chini barua ya mama. Msomee yote, usiruke mahali hata kama utaona ni pakali. Tena msomee pale penye mwanga, akuone macho yakifuata mistari, asije akasema umeongeza ya kwako.

Evaline


Mama, shikamoo.

Mjomba atakusomea. Usimkatize mpaka amalize, halafu mkatize unavyotaka.

Mama, mimi sina dawa ya kukupa. Nina kazi ambayo siku moja inaweza kuzaa dawa. Hivyo ni vitu viwili na mimi nilikuacha uamini ni kimoja. Ukinisubiri, utasubiri kitu ambacho hakijaanza safari.

Mfano wa sangari ni wangu, kwa hiyo makosa yake ni yangu pia. Nilikuambia habari za mizizi nikasahau unayajua mashamba kuliko mimi. Haro inaeneza sangari kwa sababu inakata na kuviacha vipande mle mle kwenye udongo mbichi. Daktari haachi. Anafanya ile kazi uliyotufundisha sisi watoto kwa jembe uma: anaingia taratibu, anafuata, anatoa nje. Kichwa kikishafunguliwa, kinachotolewa hakirudi.

Hatamaliza vyote. Sitakudanganya tena. Vile vidogo vilivyojipenyeza katikati ya ubongo mzima hawezi kuvifuata bila kuharibu maneno yako na mkono wako. Ndiyo maana baada ya kisu kuna mionzi na vidonge. Na hata hivyo, ugonjwa wa aina hii mara nyingi hurudi. Zinazourudisha ni zile seli ninazozitafuta mimi.

Lakini sikiliza hapa. Fuvu la kichwa halipanuki. Uvimbe ukikua unaubana ubongo, na huko kubanwa ndiko kunakokutapisha na kukuangusha. Hakutangoja mizizi wala mionzi. Ukikatwa, tunapata muda. Sijui ni kiasi gani. Wapo wanaopata miezi, wapo wachache wanaopata miaka. Dawa nzuri ikija kesho kutwa itamkuta nani? Itamkuta aliyekubali kukatwa, akabaki hai.

Naomba uende kwa yule kijana. Mimi nitakuwepo, nimeshaomba likizo.

Mwanao


Endagikot
8 Julai 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Sote wazima, ndama anapiga mateke, Philomena anasema ana tabia zangu isipokuwa anasikia.

Barua ya mama yako nimemsomea nje, juani, sikuruka kitu. Nilipofika pale pa "sina dawa ya kukupa" nikashusha karatasi. Akasema, "Soma, Baltazar, hiyo si sala ya maiti." Nikasoma mpaka mwisho. Hakunikatiza. Philomena akaleta chai, ikapoa.

Halafu akauliza, "Panya?"

Nikasema, "Hakuandika panya kwenye ya kwako. Kwenye yangu ndiyo kaandika panya."

"Hermani ameshaniambia kwa simu," akasema. Kwa hiyo sasa tunajua yule bwana hasomi barua za watu namna gani.

Kesho yake asubuhi akaniamsha. "Chukua jembe uma. Twende shamba la chini."

Nikamwambia dada, kuna umande, kuna baridi, daktari kasema upumzike. Alishatangulia. Anatembea akishikilia uzio, Philomena nyuma yake na kigoda. Akakaa pembeni ya ile sangari yangu maarufu, akanichorea kwa fimbo kipande kama upana wa jiko. "Hapa. Toa yote."

Eva, nililima. Sijalima hivyo tangu nioe. Ardhi imekauka, naingiza uma, nainua, natikisa udongo, nafuata mzizi, unanipeleka chini ya mwingine, nao unanipeleka chini ya jiwe. Yeye anaelekeza kutoka kigodani kama mkandarasi. "Usivute, utakatika. Fuata. Mwingine huo kushoto. Kushoto kwako, si kwangu." Wolfgang alipita njiani akasimama, akaona, akasema, "Mzee Margwe, ungeniita nikupigie haro." Mama yako akamwambia, "Wewe pita tu, baba, umeshatusaidia vya kutosha."

Jua lilipopanda nilikuwa na rundo la mizizi kwenye mawe na mgongo ambao sitauzungumzia.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

Akainuka mwenyewe, akaja pale, akachokonoa kwa ncha ya fimbo. Akainama polepole, akatoa kipande cheupe, kidogo, kama msumari.

"Na hiki?"

"Hicho kimebaki."

"Viko vingine?"

"Lazima viko."

"Vitaota?"

Nilitaka kusema hapana. Nikakumbuka ulivyoandika. "Vitaota, dada."

"Na hapa ulipolima utapanda kitu, au utaacha kwa sababu vitaota?"

"Nitapanda."

"Utapanda nini?"

"Vitunguu saumu. Na vikiota nitarudi na uma."

Alikigeuzageuza kile kipande kiganjani. Philomena alikuwa ameshika kitambaa mdomoni. Mimi nilikuwa naogopa hata kupumua, maana kwa kupumua pia ninaweza kuharibu jambo, mnanijua.

"Basi," akasema. "Mpigie yule kijana. Mwambie nakuja."

Tulipokuwa tunarudi nyumbani akasimama tena. "Kile watakachokitoa, wasikitupe shimoni. Wawape watu wanaofanya kazi kama ya Eva. Kama mimi siwezi kuipata hiyo dawa, basi wanipitie mimi kuitafuta."

Nikasema nitakuandikia.

"Mwandikie pia asinifichefiche mambo. Mimi ni mama yake, yeye si mama yangu."

Nimeandika. Njoo.

Baltazar


Ujerumani
20 Oktoba 2024

Mjomba, shikamoo, na mama Philomena shikamoo.

Huku majani yameanguka na watu wamerudi ndani na nyuso zao za baridi. Kabichi alizonifungia mama Philomena kwenye begi walinishikia uwanja wa ndege. Afisa aliuliza ni za nini. Nikamwambia ni za upendo. Hakuziachia.

Tangu nimerudi siku zinapita vibaya. Mchana namwona mama akilini anatoka chumba cha upasuaji na bandeji, anamtazama yule daktari na kumuuliza, kwa maneno yaliyokatika, kama amekula. Nakumbuka majibu yalipotoka, kwamba ni wa aina ile mbaya kabisa, alivyosema "Sawa" na kuuliza mionzi inaanza lini. Nakumbuka na karatasi ya ruhusa ya kipande chake, ulivyotaka kuisaini wewe, akakunyang'anya.

Umeniuliza kwenye simu kama nimekiona kipande hicho. Sijakiona na sitakiona. Utaratibu hauruhusu mtu ashughulike na cha mama yake, na ungeruhusu ningekataa. Kimehifadhiwa huko huko nyumbani pamoja na vya wagonjwa wengine, vitatumiwa na watu ambao hawatajua jina lake. Mwambie hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Lakini mjomba, nakuandikia kwa sababu nyingine. Leo nimesimama na bomba la sindano mbele ya panya nikajiuliza ninafanya nini hapa. Mama yuko kwenye mionzi, nywele zinaanguka, wewe unalala kwenye benchi la hospitali na masikio yako hayo, na mimi ninalisha panya. Nimeandika barua ya kuacha kazi. Ipo kwenye droo. Nataka kurudi nikae naye muda uliobaki. Usimwambie. Nipe wewe ushauri kwanza.

Evaline


Endagikot
16 Februari 2025

Mpwa wangu Evaline,

Marahaba. Najua nimekuweka sana. Safari hii mchelewaji ni mimi, na Hermani hana hatia. Ulipouliza kwenye simu nilisema nitaandika. Nilikuwa nangoja kuwa na jambo la kuandika ambalo ni la kweli kuanzia juu mpaka chini.

Nyumbani salama. Vitunguu saumu vya lile shamba la chini tulivuna, havikuwa vingi. Mke wangu amenunua redio mpya yenye sauti kubwa ili, anasema, tusikilize habari moja wote wawili.

Mama yako alimaliza mionzi, ameanza vidonge. Mkono wa kulia umekuwa mzito tangu upasuaji, kikombe anashika kwa kushoto. Maneno yanakuja, lakini mengine yanachelewa. Akitafuta neno huwa tunamsubiri. Mwanzoni nilikuwa namsaidia, namtajia, akanikataza. Alisema, taratibu sana, kwamba mimi nina maneno mengi na nimlindie yale machache ya kwake. Kila siku baada ya chai anafanya mazoezi ya mkono aliyofundishwa: kuchambua maharage mamoja mamoja, kufunga na kufungua kifungo cha koti langu nikiwa nimelivaa. Amenikaba mara mbili.

Wiki iliyopita tulirudi kupigwa picha. Yule kijana wetu aliitazama, akaiweka kwenye mwanga, akavuta kiti. Daktari akivuta kiti unajua. Kuna kitu kidogo, pembeni ya pale palipokatwa. Kinaweza kuwa kovu la mionzi, kinaweza kuwa chenyewe. Tuendelee na vidonge, picha nyingine baada ya miezi miwili, na kikikua ataangalia kama anaweza kuingia tena. Mimi nilitazama viatu vyangu. Mama yako alikuwa anatafuta neno. Tulimngoja, daktari naye akangoja, na foleni yote ile nje.

Akasema, "Ndugu daktari. Umeshanijua. Tuendelee."

Nje nikamwuliza kama anataka tukae kidogo. Akasema kama nimechoka nikae mimi, yeye anataka kuwahi basi.

Sasa lile lako la droo. Uliniambia nisimwambie. Nilijitahidi tangu Oktoba, na kwa mtu kama mimi huo ni muda mrefu kuliko kwaresima. Jana nikamwambia. Nilijua atakasirika, na nilitaka akasirike yeye kwa sababu mimi nikikukatalia utaniona sitaki wageni. Nikamwambia Eva anataka kuacha kazi aje akae na wewe.

Hakukasirika. Alichambua maharage mpaka yakaisha sahanini. Kisha akaonyesha kalamu yangu. Nikamwambia sema, nitaandika. Akatikisa kichwa. Nikamwambia basi tumia kushoto. Akatikisa kichwa. Philomena akamwekea karatasi hii juu ya ubao wa kukatia mboga na kuishikilia isihame. Ilichukua muda kuanzia chai mpaka ng'ombe walipokuwa wanarudi, na katikati alipumzika, akalala, akaamka, akaendelea. Mimi nilifukuzwa nje kwa sababu nilikuwa napumua kwa sauti.

Mstari ulio chini ni wake, mkono wa kulia. Herufi zinapanda na kushuka kama barabara ya kwetu, lakini zote ni zake. Ameniambia nikimaliza kueleza ninyamaze, nisiongeze salamu wala jina langu chini yake. Basi nanyamaza.

EVA FANYA KAZI. MIMI NIPO.